Mwalimu Aliyetafuta Mfano

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimwona Mwalimu wa kompyuta kwa mbali, sokoni Ukunda au kwenye shughuli za watu, nikageuza njia. Hakunikosea, wala mimi sikumkosea. Nilikuwa namwonea haya tu. Yeye ndiye aliyewatangazia watu wa kwetu Msambweni kwamba mimi nitakuwa mtaalamu wa kompyuta, msichana wa kwanza wa shule yetu. Nami nimekuwa mtu wa kupaka maharusi hina.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na maneno ya polepole. Ndani ya mkoba wake alikuwa na chupa ya marashi na brashi ya rangi, ya kupakia milango, ambayo aliitumia kufagilia vumbi ndani ya kompyuta. Akiingia darasani alisubiri asalimiwe. Tukisema shikamoo kwa pamoja hakuitikia. Alitaka mmoja mmoja, na kila mmoja alimjibu, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" na kweli alisubiri umweleze umeamkaje. Shughuli hiyo ilikula robo ya kipindi. Baada yake alikuwa mkali kama pilipili.

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya majembe. Mashine zenyewe tulipewa na hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikinunua mpya, na chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kuanza kuzila nyaya. Mashine zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Kengele ikilia wavulana walikimbia wakashika viti, sisi wasichana tukasimama nyuma yao na vitabu, tukiwasomea: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale. Hakuna aliyetuagiza tusimame nyuma. Ndivyo tulivyojikuta.

Mwalimu alipohamia shuleni kwetu alitutazama hivyo kwa muda. Halafu siku moja tukamkuta amesimama mlangoni, ameuzuia kwa mkono. Akawaingiza wasichana kwanza, mpaka viti vikaisha. Wavulana wakanung'unika. Mmoja wao akasema, kwa adabu zote, "Mwalimu, lakini hawa hawaipendi kompyuta."

"Hawajaigusa," akamjibu. "Mtu atapendaje kitu ambacho hajakigusa?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake, na aliishi nayo kama wengine wanavyoishi na uradi. Kwamba kupenda kunakuja baada ya kugusa. Kwamba wavulana wa kwetu wanazaliwa wakakuta redio mbovu zinafunguliwa mbele yao, na wasichana wanaitwa jikoni redio ikifunguliwa. "Gusa kwanza, uogope baadaye," alikuwa akituambia tukisita. Ukibonyeza pabaya skrini ikazimika, hakukugombeza. Alikugombeza ukiondoa mkono.

Naibu mwalimu mkuu, mzee mpole aliyependwa na wote, hakukubaliana naye. Niliwasikia wakibishana siku niliyopeleka chai katika chumba cha walimu.

"Watoto wa kike wana vipaji vyao," alisema naibu. "Hii kompyuta wanaichoka upesi. Nimefundisha miaka mingi, nimeona. Tusiwalazimishe."

"Wavulana nao wanaichoka," akasema Mwalimu. "Tofauti ni kwamba mvulana akichoka tunasema huyu mvivu. Msichana akichoka tunasema si unaona, ni msichana."

Naibu akacheka, akamsogezea sukari. Lakini yale maneno sikuyasahau, na baadaye yaliniwinda kwa namna ambayo Mwalimu hakuikusudia.

Nisimfanye malaika. Mwanamke huyu aliyetuingiza wasichana kwanza, kipindi kikiisha alitupa sisi mafagio na wavulana akawaambia wapange madawati. Kila siku, bila kufikiri. Nyumbani kwake televisheni iliharibika akamwita fundi kutoka Ukunda, kisha akasimama nyuma yake akimwelekeza waya baada ya waya, mpaka fundi akamwuliza, "Mama, mbona hukutengeneza mwenyewe?" Akajibu kwamba huko kuna kupanda paa kwa ajili ya antena, na majirani wataona. Nilikuwepo, nilikwenda kumpelekea nazi kutoka kwa baba. Alinigeukia akasema, "Shuleni mimi ni mwalimu. Hapa mimi ni mke wa mtu." Hakuona kwamba kuna tatizo, na mimi wakati ule sikuliona.

Mimi alinichagua kwa sababu ya ulimi wangu. Nilikuwa mwepesi wa kusema na mwepesi wa kukariri. Wageni wakija, wa wizara au wa ile hoteli iliyotupatia mashine, alinisimamisha. "Huyu," alikuwa akisema, mkono wake begani mwangu. "Muulizeni chochote." Nami nilieleza jinsi kompyuta inavyohifadhi kumbukumbu, sauti juu, macho mbele, wageni wakapiga makofi, naibu akatikisa kichwa akitabasamu. Nilikuwa napenda yale makofi. Ile mashine yenyewe, nikiwa peke yangu nayo, nilikuwa naangalia dirishani.

Aliyekuwa akiipenda alikuwa Riziki. Tulikaa dawati moja. Alikuwa na kigugumizi, na kwa sababu hiyo alisema maneno machache, kwa sauti ya chini. Siku zote alijitolea kubaki kupangusa kibodi baada ya masomo, na sisi tulimwona mjinga wa kujitafutia kazi. Kumbe kupangusa kulikuwa kisingizio. Nilirudi mara moja kuchukua kanga niliyoisahau nikamkuta ameiwasha mashine ya pembeni, ameinama mbele yake, anacheka peke yake. Nilimwuliza nini kinamchekesha. Alihangaika na neno mpaka likatoka: "Imekubali." Alikuwa ameifanya ipange majina ya darasa letu zima kwa umri badala ya herufi, jambo ambalo hatukuwa tumefundishwa.

Mwaka wetu wa mwisho Mwalimu alikuja nyumbani kwetu kuzungumza na baba. Baba alikuwa mnunuzi wa nazi, mtu wa swala tano na maneno machache. Mwalimu alivua viatu, akaketi mkekani na mama, akauliza hali ya kila mtu hadi mbuzi, ndipo akaingia katika lake. Kuna mafunzo ya kompyuta Mombasa, ya wakati wa likizo, na aliyefanya vizuri hupokelewa chuoni. Shule yetu imepewa nafasi moja. Angependa niende mimi.

Baba akauliza, "Huko atakaa na wanaume, Mwalimu?"

"Atakaa na kompyuta, mzee wangu. Wanaume watakuwepo, kama wanavyokuwepo sokoni na hospitalini."

"Na yeye anaiweza?"

"Anaiweza kuliko wavulana. Na akifika pale, wenzake nyuma yake watafunguliwa mlango. Hakuna atakayesema tena kwamba wasichana wa Kwale hawaitaki kazi hii."

Baba alinitazama. Nilikuwa mlangoni na sinia. Mama alianza kumpakulia Mwalimu wali, na ikawa imekubalika hivyo.

Nilikwenda. Nikafaulu. Nikaingia chuoni, nikatoka na cheti, nikaajiriwa Ukunda katika duka lililotengeneza mitambo ya mahoteli, kuanzia Diani hadi Galu. Mwalimu alikuja dukani siku moja akiwa na wasichana wa kidato cha tatu, wamevaa sare, akawapanga mstari mbele ya meza yangu kama wanaozuru jumba la makumbusho. "Mnamwona? Alikaa pale mnapokaa nyinyi."

Hakujua kazi ilikuwaje. Nilikuwa nikifika hotelini na mkoba wa vifaa, meneja ananitazama kisha anatazama nyuma yangu. Mmoja wao, mtu wa bara, alikuwa hata hajifichi: "Sasa, siz, fundi ako wapi?" Nikimwambia ndiye mimi, anacheka, anaita mtu aje asimame nami. Hayo yalinichosha, sisemi hapana. Ningetaka sana yawe ndiyo sababu ya kuacha, maana ni sababu yenye heshima. Lakini wako wanawake wanaoyavumilia hayo kwa kuwa wakishaondoka wote, wakabaki na mashine, wanafurahi. Mimi wakishaondoka wote nilikuwa nahesabu saa.

Hina nilianza kwa dada yangu alipoolewa. Aliyeagizwa kumpaka aliugua, nikashika piko, ile rangi nyeusi ya hina, mimi. Nilianza na maua kwenye kiganja, nikapanda hadi kiwiko, na niliponyanyua kichwa adhuhuri ilikuwa imepita na sikuwa nimejua. Baada yake akaja binamu, na rafiki wa binamu, kisha wageni wa mahotelini wenyewe. Nikaacha duka. Nilikuwa nimefurahi, na ile furaha ndiyo iliyonitia aibu. Kama ningeacha nikawa dereva wa lori, au nahodha, Mwalimu angekuwa na la kuwaambia watu. Lakini nimeacha kompyuta nikaenda kwenye hina, kazi ya wanawake tangu bibi zetu, na nikaipenda. Ilikuwa kana kwamba nimekwenda mwenyewe kwa naibu mwalimu mkuu nikamwambia, mzee, ulisema kweli.

Naye alisikia. Mama alikutana naye msikitini siku ya Idi, naibu akamwambia kwa upole wake uleule, "Hawa watoto wana maumbile yao, mama. Si vibaya." Mama aliniletea maneno hayo kama pongezi. Sikula siku hiyo.

Jambo lililonikaa zaidi lilitokea kwangu, katika chumba ninachofanyia kazi. Msichana mmoja wa shule yetu alikuja kupakwa kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Nilikuwa nimemshika mkono, namchora. Akasema kwamba anataka kuacha somo la kompyuta lakini anamwogopa Mwalimu, kwa sababu kila mtu akitaka kuacha anaambiwa habari za Mwanasha. Aliyetoka hapa hapa, mtoto wa mnunuzi wa nazi. Kisha akaniangalia usoni. "Si wewe unaitwa Mwanasha?"

"Wako wengi," nikamwambia, nikaendelea kuchora.

Basi, Mwalimu alikuwa bado anawahadithia. Alikuwa anajua nimeacha. Msambweni si mji wa kuficha jambo kama hilo. Alikuwa anawahadithia yule wa zamani, yule wa makofi, na huyu wa sasa alikuwa amemfunika.

Tulikutana mwaka jana, Tiwi, kwa harusi ambayo sikujua kwamba bwana harusi ni mpwa wake. Nimekaa chini, mguu wa bibi harusi mapajani mwangu, chumba kimejaa wanawake na udi. Akaingia. Alikuwa amestaafu, mwendo wake umepungua, amevaa miwani mizito. Sikuwa na pa kwenda. Mguu wa mtu uko mkononi na hina bado mbichi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ilimchukua muda kunitambua. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Mama mmoja pembeni akasema, "Eh, huyu si yule binti wa kompyuta?" na mwingine akamfinya anyamaze. Mwalimu akatafuta mahali, akaketi karibu yangu. Alikaa pale mpaka nikamaliza mguu wa kwanza na wa pili, ananitazama mikono. Nilijiambia, akimaliza kunitazama ataniuliza kwa nini, na mimi nitasema ni wale mameneja.

Hakuuliza. Nilipotoka kwenda uani kunawa alinifuata, tukakaa kwenye benchi nyuma ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele.

"Unaipenda kazi hii," akasema.

"Naam, Mwalimu."

"Ile hukuipenda."

Nikasema, "Nilipenda ulivyokuwa ukinisifu, Mwalimu. Naomba radhi. Nimekuaibisha."

Akavua miwani. Akasema kwamba aibu ni yake, na haihusu hina. Siku chache kabla ya harusi alikwenda Galu kumwona ndugu anayefanya kazi hotelini, akamkuta Riziki anasukuma kigari cha mashuka. Walisalimiana vizuri. Riziki alimwuliza kama ile mashine ya pembeni, iliyokuwa ikizimika ovyo, ilipona. "Miaka yote hii," Mwalimu akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau."

Ndipo akanieleza jambo nisilolijua. Ile nafasi ya Mombasa, mkufunzi wa huko alikuwa amepitia kazi zetu, akamwambia aliyestahili ni Riziki. Mwalimu akakataa. "Nilijua ni yeye. Nilijua kuliko huyo mkufunzi. Lakini nilifikiri, nikimpeleka huyu wakamwuliza swali akakwama, watasema wasichana ndivyo walivyo. Nilitaka wa kuwanyamazisha. Nikakupeleka wewe." Alikuwa anaipangusa miwani kwa ncha ya buibui, tena na tena. "Miaka yote nabishana na naibu kwamba mtoto wa kike anaweza kuipenda, na aliyeipenda nilikuwa naye darasani, ananipangusia kibodi."

Ile nafasi niliyoibeba kama mzigo, kumbe haikuwa mzigo wangu.

Juma lililofuata tulikwenda Galu, mimi na yeye. Riziki ana chumba nyuma ya mahoteli, safi, na watoto wawili waliokuwa shule. Alitutandikia mkeka, akatuletea maji ya ndimu. Mwalimu hakuzunguka. Alimweleza yote kama alivyonieleza mimi, akamwomba radhi, kisha akasema kwamba ameulizia chuoni, kuna masomo ya jioni, na Mwanasha hapa anawafahamu walimu, tutamsaidia aingie.

Riziki alisikiliza hadi mwisho. Kigugumizi chake kimepungua lakini hakijaisha, na tulingoja kila neno lifike.

"Nilikuwa najua, Mwalimu," akasema. "Siku ile nilikuwa nje ya dirisha la ofisi, nasubiri kurudisha ufunguo. Ulisema, Riziki hawezi kusimama mbele za watu."

Mwalimu akaweka glasi chini.

"Nimekusamehe zamani. Usilie. Lakini masomo, sijui. Mimi niliipenda ile kompyuta kwa sababu nikiwa nayo hakuna aliyekuwa akiniangalia. Leo nikienda, mtakuwa mnaniangalia."

"Hatutakuangalia, mwanangu."

"Mtaniangalia, Mwalimu. Mmekuja wawili."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kitu kilichoanguka chini. Nilitamani sakafu ifunguke. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri, kama mtu anayekwenda kutoa zawadi, na Mwalimu alikuwa amejipaka marashi. Tulikuwa tumekuja kumwonyesha mlango, na kwa kweli tulikuwa tumekuja ili mimi na yeye tulale vizuri.

Zamu yake ilikuwa imekaribia. Aliingia nyuma ya pazia akavaa sare ya hoteli, akatoka akifunga vifungo. Mlangoni akasimama, ametugeuzia mgongo nusu.

"Kama mna kompyuta ya zamani, hata mbovu, niachieni kwa jirani. Ila msiniulize nimefika wapi."

"Sitauliza," akasema Mwalimu.

Laptopu yangu ya kazi, ile ya Ukunda, ilikuwa bado ndani ya kabati langu chini ya kanga. Nilimpelekea jirani yake siku ya pili, nikaondoka kabla Riziki hajarudi.

Sasa Mwalimu hunipigia simu Ijumaa baada ya swala. Huuliza hali ya baba, huuliza kama wateja wapo, siku nyingine hunisimulia habari za macho yake na daktari wake. Yule msichana wa shule aliyetaka kuacha somo alikwenda kwa mwalimu mpya, akaacha, na Mwalimu wetu alipoambiwa alisema tu, basi, kama hataki. Huongea mpaka maneno yanaisha, halafu hubaki kwenye simu, namsikia anavuta pumzi, nami navuta yangu. Hatumtaji Riziki. Yeye ana hamu ya kuuliza, mimi natamani ningekuwa na jibu, na hakuna kati yetu anayejua kama ile kompyuta imewahi kuwashwa. Tunakaa hivyo kidogo, kisha mmoja wetu anasema haya, kwaheri, tutaongea.